"Kushuka" kwa Kiingereza: siri ya "get off" iko mkiani

Jumapili moja mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alinijia na daftari la Kiingereza limejaa wino mwekundu kana kwamba mtu kalipondea nyanya. Alikuwa ameandika insha ya safari yake kutoka Kibada, huko Kigamboni, hadi mjini. Mistari yenyewe ilikuwa hivi: "In the morning I climbed the daladala and dropped at the ferry. I climbed the pantoni. My uncle was there in his car. He got off from the car to greet me. At Magogoni we got down from the pantoni." Mwalimu kazungushia duara sehemu tano, pembeni kaandika kwamba vitenzi si sahihi, basi. Hakueleza zaidi.

"Mjomba, sasa hapa nimekosea nini?" akaniuliza. "Nimepanda, nimeshuka, nimepanda, nimeshuka. Kuna nini tena?"

Kwa Kiswahili hana kosa hata moja. Tunapanda daladala, tunapanda pantoni, tunapanda teksi, pikipiki, ndege, punda na mnazi. Kisha tunashuka kwenye vyote hivyo, na neno ni lilelile. Tabu inaanza pale unapotaka kulitafuta hilo "shuka" moja kwenye Kiingereza ukakuta limesambaratika: "get off" huku, "get out of" kule, "get down" kwingine, na kwenye vipaza sauti vya treni za London utasikia "alight". Kijana alichagua "dropped", na kwa Mwingereza hiyo ni habari ya mtu aliyeanguka ghafla pale kivukoni. "Climbed the daladala" nayo inamwonyesha akiparamia bati la pembeni kuelekea kwenye keria.

Nilimwambia avute kiti. Tulikaa pale karibu saa mbili, na mengi ya hapa chini ndiyo tuliyoyasema.

Kwanza hilo "get". Shuleni tunafundishwa kwamba "get" ni kupata, na ni kweli: neno lenyewe liliingia Uingereza na Waviking waliotoka kaskazini, na kwao "geta" lilikuwa na maana hiyo ya kupata. Ila ukienda na tafsiri hiyo kituoni utakwama. "Get off" si kupata chochote. Hapa "get" limechujwa likabaki karibu tupu. Linasema tu kwamba ulikuwa katika hali moja na sasa unaingia nyingine. Hali ipi, halisemi. Kinachosema ni kineno kifupi kinachofuata, na hicho ndicho nitakachokiita mkia.

Badilisha mkia uone. "Get up" ni kuamka, au kuinuka. "Get in" ni kuingia. "Get out" ni kutoka. "Get back" ni kurudi, "get across" ni kuvuka, "get past" ni kupita, "get away" ni kutoroka. Kiingereza kimeshika kitenzi kimoja kikabadilisha mkia, na Kiswahili kila mara kimeleta kitenzi kipya kabisa. Kwetu uelekeo umo ndani ya mzizi. Ukisema "vuka", kwenda ng'ambo kumo humohumo. Huwezi kulikata neno ukaonyesha hiki hapa ni mwendo na hiki hapa ni ng'ambo.

Wanaisimu wameliona hili zamani. Mmarekani Leonard Talmy aliligawa suala hili vizuri katika maandishi yake ya miaka ya 1980 na 1990: kuna lugha zinazobeba njia ya mwendo ndani ya kitenzi, kama Kihispania, Kituruki na Kijapani, na kuna lugha zinazoibeba kwenye vineno vya pembeni, kama Kiingereza, Kijerumani na Kirusi. Kiswahili, kwa vitenzi vyake vya ingia, toka, panda, shuka, vuka na pita, kinakaa na kundi la kwanza. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza Kiingereza ana kazi mbili: kujifunza maneno mapya, na kuhamisha sikio lake kutoka kwenye kitenzi kwenda kwenye mkia. Kazi hii ya pili ndiyo hatuambiwi.

Na Kiingereza kikishaweka njia kwenye mkia, kitenzi chenyewe kinabaki huru kusema kitu kingine, yaani namna ya kwenda. Hapo "get" linatolewa na nafasi yake inachukuliwa na lolote. Umeshuka kwa kutembea: "walk off". Kwa kuruka: "jump off". Kwa kukimbia: "run off". Kwa kuchechemea, "limp off". Umeshuka pantoni ukiwa unaendesha gari lako: "drive off". Mkia haukusogea. Sisi tunalazimika kushika "shuka" na kuongeza maelezo nyuma: alishuka kwa kuruka, alishuka akichechemea.

Mpwa wangu hapa alikuna kichwa, mpaka nilipomkumbusha jambo analolisikia nyumbani. Baba yake aliwahi kuagiza gari Japani, na kwenye karatasi za gharama kulikuwa na neno RORO. Wanaoagiza magari wote wanalijua, ila wengi hawajawahi kujiuliza ni nini. Ni "roll-on, roll-off": gari linaingia melini kwa kuviringika juu ya magurudumu yake na linatoka hivyohivyo, halinyanyuliwi na winchi. "Roll" ndiyo namna, "on" na "off" ndiyo njia. Kupanda na kushuka kwa gari, kwa herufi nne.

Sasa tazama tunachofanya Afrika Mashariki tunapozungumza Kiingereza. Tunakata mkia. Nairobi utaona mabango yanayokataza "picking and dropping" barabarani. Rafiki atakuambia "I'll pick you at the airport", na abiria wa matatu atasema "drop me at the stage". Anayetoka London angetarajia "pick up" na "drop off". Kwetu "pick" pekee inaonekana kutosha kwa sababu "chukua" pekee inatosha. Tunakiamini kitenzi kwamba kimebeba kila kitu, kama vitenzi vyetu vinavyobeba. Binafsi silihesabu kuwa kosa likisemwa Nairobi au Kampala. Watu wanaelewana, magari yanasimama, abiria wanafika. Ila ukimwandikia mwenyeji wako wa Manchester "please pick me at seven", kwake "pick" bila "up" ni kuchagua, au kuchuma kama unavyochuma embe. Atakuelewa, lakini kwanza atakuona umening'inia mtini.

Turudi kwenye daftari. Duara la nne lilikuwa kwenye "got off from the car", na hapo kuna makosa mawili yaliyolaliana.

La kwanza ni hilo "from". Linatoka moja kwa moja kwenye "alishuka kutoka kwenye gari". Masikio yetu yanadai pawe na neno la kuonyesha alikotoka, tunalitafuta, tunalipata, tunalibandika. Lakini "off" tayari limeshasema. Zamani katika Kiingereza "of" na "off" yalikuwa neno moja lililomaanisha "kutoka kwa, mbali na". Lilipotamkwa kwa nguvu lilisikika kwa namna moja, lilipotamkwa kwa haraka lilisikika kwa namna nyingine, na ni kama miaka 400 tu iliyopita ndipo tahajia mbili zilipotengana kabisa. Kwa hiyo ndani ya "off" mna "kutoka" yake mwenyewe. "Get off from the bus" ni sawa na kusema "shuka kutoka kutoka kwenye basi". Sema "get off the bus", imetosha. Wamarekani wengi kwenye mazungumzo husema "get off of the bus", kwa maana wamewakutanisha tena hao ndugu wawili waliotengana. Hayo waachie wao, kwenye mtihani usiyalete.

"Out" ni tofauti. Mbele ya jina kwa kawaida haisimami peke yake, husaidiwa na "of": "get out of the car". Usipotaja gari, "of" inaondoka: "he got out".

Kosa la pili ni kubwa zaidi: gari dogo halina "off". Ukimwambia mtu "get off the car", umemwona amekaa juu ya boneti. Hayo ndiyo maneno ya kuwaambia watoto wa jirani wanaotelezea kioo cha mbele cha gari lako jipya. Mjomba wa kwenye insha alikuwa ndani, kwa hiyo "he got out of the car".

Basi ni lini "on/off" na ni lini "in/out"? Walimu wengi hutoa kanuni ya kusimama. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": basi, treni, meli, ndege. Chombo unachoingia kwa kuinama na kukaa palepale ni "in": gari dogo, teksi, mtumbwi. Unachokikalia kwa kutanua miguu ni "on": baiskeli, pikipiki, farasi, punda. Kanuni hii inakufikisha mbali. Bajaji utaingia kwa "get in", bodaboda utapanda kwa "get on". Pale Kigamboni pantoni ni "on", na ngalawa ndogo ya mvuvi ni "in".

Kasoro yake ni daladala, hasa zile Hiace ambazo kusimama kwake ni kujikunja kama ndoano ya samaki. Kwa kanuni ya kusimama ingekuwa "in". Lakini kama inachukua nauli na kupita vituo vyake, "get on" inaikubali bila wasiwasi. Kwa nini?

Jibu ninalolipenda linatoka kwa mwanaisimu mwingine wa Marekani, Charles Fillmore. Aliwaza basi bovu lililotupwa kiwanjani, halina magurudumu, watoto wanachezea ndani yake. Hao watoto, alisema, wako "in the bus". Huwezi kusema wako "on the bus", japo wanaweza kusimama na kukimbizana humo mchana kutwa. Ili uwe "on the bus" basi lazima liwe kazini, liwe safarini. "On" si ukubwa wa chombo peke yake. Ni kujiunga na safari ambayo ingekwenda hata bila wewe. Basi la Mbagala litakwenda Mbagala ukiwemo usiwemo. Teksi inakwenda unakotaka wewe.

Nilipomweleza mpwa wangu hili, aling'amua jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. "Hata sisi," akasema. "Mtoto akicheza kwenye basi bovu hatusemi kapanda basi." Ni kweli. Tutasema kaingia kwenye basi bovu, yumo kwenye basi bovu. "Kupanda basi" ni kusafiri. Maana yake "panda" yetu na "on" yao zinakutana vizuri kabisa kwenye basi. Tofauti ni kwamba ya kwetu imetanuka ikachukua teksi na gari la mjomba, na ya kwao imekoma mlangoni.

Pantoni ndiyo mahali pazuri pa kuyaona haya yote kwa pamoja. Umo ndani ya gari, gari liko juu ya pantoni. Kuna joto, unafungua mlango, unatoka usimame ukutani upigwe na upepo wa bahari. Kwa Kiswahili umeshuka. Lakini umeshuka wapi? Bado uko majini! Kiingereza hapa kina raha yake: "I got out of the car, but I was still on the ferry." Pantoni ikigonga ng'ambo unarudi garini, "I got back in", unawasha, unatoka: "I drove off." Mwenzako aliyekuja kwa miguu, yeye "got off". Mikia minne kwa dakika chache za kuvuka.

Lifti za maghorofani zinabaki kuwa ugomvi: wengine "get in", na Wamarekani wengi "get on". Usikose usingizi.

Kosa la tano, "got down from". Hili lina mahali pake. Ukiwa juu ya mti, ngazi, meza au mgongo wa ngamia, unashuka kwa "get down". Kwenye basi la kawaida, Mwingereza au Mmarekani halitumii. Na jihadhari ukilitamka kwa sauti ya amri: "Get down!" ni kile wanachopiga kelele askari risasi zikianza kulia. Maana yake ni inama, lala chini.

Je, "alight"? Wakenya wanalipenda, Nairobi mtu atakuambia "I alighted at Westlands" kama jambo la kawaida. Uingereza utalikuta zaidi kwenye matangazo ya treni, "alight here for" mahali fulani, na karibu hakuna mtu atakayelitumia akisimulia siku yake nyumbani. Si neno baya, ila ni neno lililovaa suti. Asili yake inanifurahisha: limetoka kwenye Kiingereza cha kale, kitenzi cha kufanya kitu kiwe chepesi. Mpanda farasi alipoteremka, alimpunguzia farasi mzigo. Konda anaposema "tushushe, gari limejaa", yuko karibu na Waingereza wa kale kuliko anavyojua.

Tulichokuwa hatujakiangalia mpaka hapo ni vituo. Kiswahili kina ufundi mmoja ambao Kiingereza lazima kiutafutie neno la pembeni: ile "-i-" ya kauli ya kutendea. "Nashuka" ni moja, "nashukia" ni nyingine. "Nashukia Mtoni" ina mahali ndani yake. Kiingereza kitaweka "at": "I'm getting off at Mtoni." Konda akikuuliza "Unashukia wapi?", tafsiri ni "Where are you getting off?", na "at" hapo kwa kawaida haitamkwi kwa sababu "where" imeshaibeba. Mgeni akitaka kuuliza ashukie wapi anayekwenda Kariakoo, husema "Where do I get off for Kariakoo?" Hiyo "for" ni fupi na tamu, wengi wetu tungezunguka kwa sentensi mbili.

Ona pia wakati wa kitenzi. "Nashuka kituo kinachofuata" ni jambo ambalo bado halijatokea, lakini tunalisema kwa wakati uliopo. Kiingereza vilevile: "I'm getting off at the next stop." Hapa lugha mbili zimekubaliana, kwa hiyo usihangaike na "will".

Kisha kuna kauli ya kutendesha. Tanzania tunasema "Shusha!", Kenya "Shukisha!", na wote tunamwamuru dereva atufanye tushuke. Kiingereza kinaacha "get" na kuchukua "let" au "drop", mkia ukibaki palepale: "Could you let me off here, please?" Hiyo ni ya basi. Kwa teksi au gari la rafiki: "Drop me off at the corner." Kijana wangu alikuwa na "drop" mkononi tangu mwanzo, ila aliitumia kwa abiria badala ya dereva na akasahau mkia.

Hapo pana mtego mdogo wa mpangilio. "Drop off" inaachana ukitaja mtu kwa kiwakilishi: "drop me off", "drop him off". Kamwe si "drop off me". Lakini "get off" haiachani: ukishuka kwenye hilo basi, "I got off it". Ukisema "I got it off", umebadilisha habari. Umefanikiwa kulitoa doa kwenye shati, au kifuniko kwenye chupa. Kisa cha tofauti hiyo ni kwamba kwenye "get off the bus" mkia umeshikana na basi, na kwenye "drop me off" mkia umeshikana na kitenzi. Sikumweleza zaidi ya hapo, na hakuniuliza.

Nilichomweleza kwa makini ni mambo mawili ya aibu, maana ana umri wa kuyasikia na kuyarudia. Uingereza, "get off with" mtu ni kuanza mapenzi naye, kubusiana huko kwenye sherehe. Kwa hiyo sentensi safi kabisa ya Kiswahili, "jana nilishuka na bosi wangu Kariakoo", ukiitafsiri neno kwa neno, inakuwa uvumi wa ofisi nzima. Sema "my boss and I got off at Kariakoo" na amani itatawala. "Get off on" nayo iache kabisa mpaka uijue vizuri. Ni kufurahishwa na kitu kwa namna ambayo mara nyingi si ya kusimulia mezani.

Maana nyingine za "get off" zinaingilika bila hatari. "What time do you get off work?" ni unatoka kazini saa ngapi. "Get off the phone" ni maliza hayo maongezi ya simu. "Get off me!" ni niachie, niondokee mwilini. Mtu aliyefikishwa mahakamani akaponea na faini ndogo "got off lightly". Zote zina picha ileile ya kubanduka kutoka kwenye kitu ulichokuwa umegusana nacho: zamu, simu, mtu, kesi.

Mwisho tukafika kwenye sikio, na nadhani hapa ndipo wengi hupotelea hata baada ya kujua kanuni zote. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "get off" mdomoni mwetu inakuwa "GEtof", nguvu mwanzoni, mkia unafifia. Mwenye lugha akimalizia sentensi na maneno hayo, nguvu anaiweka nyuma: "get OFF". Sisi tunakandamiza neno tupu na kumeza lenye maana, halafu tunashangaa kwa nini hatusikii wakisema nini. Mmarekani anaongeza mushkeli wake: "t" yake katikati ya irabu hugonga kama "r" yetu, unasikia "gerof", "geron", "gerin", "geraut". Mpwa wangu alicheka sana kwa hilo "geraut". Alikuwa ameshalisikia kwenye filamu mara mia akidhani ni jina la mtu. (Na kuna mahali Wamarekani husema "Get out!" wala hawakufukuzi, ni "acha utani, wee!")

Tuliandika insha upya. Ikawa hivi: "In the morning I got on the daladala and got off at the ferry. I got on the pantoni. My uncle was there in his car. He got out to greet me. At Magogoni he drove off and I got off on foot." Nilimwachia "pantoni" yake. Mwalimu akitaka "ferry" ataiandika mwenyewe.

Alikuwa ameshafunga daftari aliponirudia na swali moja. Konda wa daladala, gari likiwa bado linatambaa, huwaambia abiria, hasa wazee na kina mama wenye mizigo: "Shuka na mguu wa kushoto!" Ukitanguliza wa kulia unaanguka, maana mlango uko kushoto na gari linakwenda mbele. Kiingereza wanasemaje?

Nikafikiria. London kulikuwa na yale mabasi mekundu ya ghorofa, Routemaster, yenye jukwaa wazi nyuma lisilo na mlango, ambayo yaliondolewa kwenye njia za kawaida mwaka 2005. Watu walikuwa wakiyadandia na kuruka nje yakiwa kwenye foleni. Kitenzi chao kilikuwa "hop", kuruka kwa mguu mmoja: "hop on, hop off". Mpaka leo mabasi ya watalii yanajiita hivyo.

"Basi ni 'hop off'," nikamwambia.

"Kwa mguu upi?"

Hilo Kiingereza hakisemi.